Kuangusha kutoka nyuma (mieleka)

Kuangusha kutoka nyuma ni mbinu ya mieleka ambapo mshambuliaji hupita mgongoni mwa mpinzani, humkumbatia kiunoni kwa mikono miwili na kumlaza chini. Katika mieleka ya kimataifa ya mtindo huru, kumwangusha hivyo na kumdhibiti huleta pointi 2. Pointi hizo, hata hivyo, hazithibitishi kwamba mbinu inafaa nje ya ulingo. Kipimo ni mpinzani anayekataa: anayeshusha nyonga, anayebandua vidole vilivyomfunga, anayegeuka. Mwenzi wa mazoezi akijiachia, hata mbinu mbovu hufaulu. Wapo watakaotaja ngeta, kabari ya wanyang'anyi inayojulikana sana Kenya, kuwa ushahidi kwamba aliyewahi mgongo ameshashinda. Hoja hiyo ina uzito nusu tu: ngeta hutegemea kushtukiza, na mara nyingi wenzake mnyang'anyi wa kupekua mifuko, kuliko ufundi wa kuangusha. Tena mkeka husamehe. Kwenye ardhi ngumu ya kiangazi pale Mundika, nje kidogo ya mji wa Busia, anayemvuta mtu kinyumenyume huweza kuangukiwa naye, kisogo chake mwenyewe kikitangulia. Jaribio la haki huanza na mtu aliyesimama imara, anayejua kinachomjia.