Kampuni iliyopoteza machimbo ya Katanga ikageukia simu mbovu

Ninyi jamaa mliokimbia vita: wengi wenu mlitoka nyumbani na simu mkononi, na ndiyo inayowaletea habari za waliobaki. Siku ikifa kabisa, inapewa mtoto aichezee au inatupwa jalalani. Huko Ubelgiji kuna kampuni inayojipatia faida kwa kuyeyusha simu za namna hiyo, na historia yake ilianzia hapa kwetu Congo.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Mwaka 1911 tanuru lake la Lubumbashi lilitoa shaba ya kwanza. Kazi ilikuwa ya njia moja: kuchimba, kuyeyusha, kusafirisha. Mabaki ya tanuru yalimwagwa pembeni mwaka baada ya mwaka, mpaka yakawa kile kilima cheusi ambacho kila mtu wa Lubumbashi anakijua. Sehemu ya madini ilipelekwa Ubelgiji, kusafishwa katika viwanda vya Hoboken na Olen.

Mwanzoni mwa 1967 serikali ya Mobutu ilitwaa mali ya kampuni hiyo nchini. Shirika la serikali lililochukua nafasi yake ndilo tunaloliita leo Gécamines. Wabelgiji waliendelea kusafisha madini yetu kwa mkataba, lakini machimbo hayakuwa yao tena. Kisha, katika miaka ya 1990, uzalishaji wa Gécamines ukaanguka vibaya.

Wabelgiji walikuwa wamebakiwa na vitu viwili: matanuru, na ujuzi wa kutenganisha metali zilizochanganyika. Wakavitumia kwa mali nyingine: mabaki ya viwanda vya wengine, vyombo vya umeme vilivyokufa, simu mbovu. Mwaka 2001 kampuni ikabadili jina, ikawa Umicore. Kazi ya shaba ikatengwa mwaka 2005, na ile ya zinki mwaka 2007. Mwaka 2011 Hoboken ikafungua tanuru la betri. Leo kiwanda hicho kinatoa metali 17, zikiwemo dhahabu, fedha na shaba. Mzigo ukifika, unapimwa kwanza ili kujua una metali gani na kiasi gani. Mwenye mzigo analipwa kulingana na vipimo, baada ya kukatwa gharama ya kazi.

Wataalamu wanaita hiyo uchumi wa mzunguko: kitu kilichokwisha kazi kinarudi kiwandani badala ya kutupwa. Lakini tusidanganyane kwamba ni kazi safi tu. Mwaka 2020 watoto wanaoishi karibu na kiwanda cha Hoboken walikutwa na risasi nyingi katika damu, na kampuni ikajitolea kununua nyumba za majirani.

Na kile kilima cha Lubumbashi? Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Gécamines na washirika wa kigeni walianza kukiyeyusha upya ili kupata kobalti iliyobaki ndani yake. Hata hivyo, mzigo uliotoka humo ulipelekwa Finland kumaliziwa.

Hapo ndipo penye somo. Kampuni ile haikugeuka kwa kupenda usafi. Iligeuka kwa sababu ilipoteza machimbo, na iliweza kwa sababu ilikuwa na tanuru na vipimo. Kwetu mikono haikosekani: mafundi wanayeyusha aluminiamu ya zamani kuwa sufuria, na magurudumu ya chukudu yanavishwa mpira wa matairi yaliyochakaa. Kinachokosekana ni mtambo wa kumalizia kazi. Bila huo, sehemu ya madini yetu inauzwa kwa bei ya chini mara mbili: kwanza kabla ya kusafishwa kikamilifu, halafu kama simu mbovu.

Tunapongojea hayo, jambo moja liko mikononi mwetu. Msichome wala msipasue betri za zamani, na msiwaachie watoto. Mpelekeeni fundi wa simu. Hapo moshi wake hautaingia katika kifua cha mtoto wako.