Nani alibaki na watoto?

Ndugu wanachama, na nyinyi mnaotutegemeza kutoka mbali: tukieleza historia ya kukimbia tunahesabu mitumbwi, kambi na miaka. Nani alibaki na watoto mama akitoka, hilo hatuliandike.

Mbele ya vita ya 1996, huku Fizi mama akienda ku shamba la mihogo, watoto walibaki kwa koko ao kwa mama mudogo, uwanja mmoja. Hakuna aliyeita ile kazi.

Tulipovuka Ziwa Tanganyika, familia zilipasuka, na makoko wengi walibaki milimani. Nyarugusu na Lugufu hukuchagua jirani, ulipangiwa. Siku ya mgao mama mmoja alikuwa ku mstari toka asubuhi, mwingine akabaki na watoto wa nyumba tatu, kisha wanageuza. Siku ya kuni ilikuwa nzito zaidi: Tanzania haikuruhusu mkimbizi kupita kilomita 4 bila kibali, na aliyekamatwa hukujua atarudi lini. Kwa hiyo uliacha mtoto kwa mtu anayeweza kumlaza. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Wote tulikula posho moja, mahindi na maharage. Hakuna aliyeweza kumlipa mwenzake, basi hakuna aliyedai.

Mwaka 2005 meli zilianza kurudisha watu Baraka. Lugufu ikafungwa 2009. Hapo mpango ukavunjika. Majirani wa kambi, mmoja yuko Mboko, mwingine Sebele, mwingine hakurudi. Anayekaa karibu nawe leo ni yule asiyekimbia, pengine ndiye analima kiwanja ulichoacha. Kumwachia mtoto si jambo dogo.

Anayelipa ni msichana wa miaka 10, anabaki na wadogo wake. Masomo ya msingi ni ya bure toka 2019, lakini bure haimtoe nyumbani. (Na wafadhili, samahani: nyumba ya michezo inayofunguliwa saa tatu haisaidie mama aliyetoka saa kumi na moja.)

Penye nimeona inatembea, wamama wamepanga zamu: mmoja anabaki na watoto, wenzake wanamlimia kipande chake siku ile. Zamu inachanganya waliorudi na waliobaki. Kwenye kikundi kimoja msimu uliopita, kesi ya kiwanja ilikuwa bado kwa chifu, na watoto wa pande zote mbili walikula sufuria moja.