Picha kutoka Angani: Kuitathmini Upya Filamu ya Africa Addio

Filamu ya Africa Addio, ya Waitalia Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, ilitoka mwaka 1966, na mwaka huohuo mtayarishaji wake, Angelo Rizzoli, akatunukiwa tuzo ya David di Donatello. Kwetu sisi tunaoshughulikia historia ya Waswahili, uzito wake hautokani na tuzo hiyo. Ndani yake mna dakika chache zilizopigwa kutoka angani juu ya Unguja, siku chache baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964: misururu ya mateka, maiti zilizotapakaa, makaburi ya halaiki, watu waliovaa kanzu wakikimbilia ufukweni.

Uaminifu wa watengenezaji wake ulitiliwa shaka hata kabla filamu haijaonyeshwa. Mwaka 1964 mwandishi Carlo Gregoretti alidai katika L'Espresso kwamba mauaji fulani huko Kongo yalipangwa yaafikiane na kamera. Jacopetti alishtakiwa, kisha akaondolewa hatia. Lakini katika Mondo cane 2 ya mwaka 1963, onyesho la mtawa wa Kibudha anayejitia moto lilikuwa la kuigiza. Aliyewahi kuigiza kifo akakiita cha kweli hawezi kulalamika akidaiwa ithibati.

Hapo ndipo wasomaji wa historia ya Zanzibar walipogawanyika. Wako wanaozionyesha picha zile kama hati isiyohitaji kuhojiwa. Wako pia wanaozitupa zote kwa sababu Jacopetti hakuaminika, na pamoja nazo, kwa wepesi wa kushangaza, wanawatupa waliouawa. Kwa maoni yangu, kundi la pili limekosea zaidi.

Taaluma yetu ina mazoea ya kale katika jambo hili. Habari za Pate zimetufikia katika matoleo kadhaa yasiyokubaliana, na msimulizi wake mashuhuri, Bwana Kitini, alikuwa wa ukoo wa Wanabahani waliotawala mji huo. Hakuna mtafiti makini aliyezichoma kwa sababu hiyo. Twazisoma tukitenganisha lile ambalo msimulizi angefaidika nalo na lile ambalo hakuwa na sababu ya kulibuni.

Tukiitendea filamu vivyo hivyo, tunaona tabaka mbili. Picha za angani hazikubeba sauti ya mtu yeyote aliyekuwa chini. Maelezo yaliandikwa baadaye, kwa Kiitalia, yakaambatanishwa na muziki wa Riz Ortolani, nayo yana hoja yake: kwamba Mzungu ameondoka mapema mno, na Afrika imeachwa ijiangamize. Hata addio la jina lake si kwaheri ya kuonana. Ni kuagana moja kwa moja. Hoja hiyo ndiyo iliyowatoa wanafunzi kuandamana Berlin Magharibi mwezi Agosti 1966, na inastahili kukataliwa. Kuikataa, hata hivyo, hakufukii kaburi lililopigwa picha.

Kisichoweza kusemwa na picha ni nani aliyelala pale, wa kijiji gani, aliuawa na nani na kwa kisa gani. Majibu hayo yako katika Kiswahili. Harith Ghassany alikusanya masimulizi ya aina hiyo katika Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! (2010), nayo pia yanahitaji kupimwa, kwani kila shahidi ana upande wake. Kazi ya kuzilinganisha picha na masimulizi, onyesho kwa onyesho, inawataka watu wanaoijua Unguja ya wakati ule, walioko visiwani, Muscat na Dubai. Aliyekuwa na miaka 20 siku ya Mapinduzi sasa amepita 80.