Bildi ya Sauti: Jina la Sona Katika Chombo cha Uvuvi

Katika msamiati wa mabaharia wa pwani yetu limo neno ambalo vijana wengi wa leo hawalijui, nalo ni bildi, yaani kile kipande cha risasi kilichofungwa kwenye ugwe mrefu wenye mafundo, ambacho baharia alikitupa majini akauacha ugwe ukimbie mkononi mwake hata risasi iguse chini, kisha akahesabu mafundo na kumnadia nahodha kwamba hapa pana pima saba, au pima kumi na mbili, au kwamba ugwe umekwisha na chini hakujafikiwa. Neno hili latokana na Kiarabu cha mabaharia wa Ghuba, waliokuja pwani hii na majahazi yao katika msimu wa kaskazi, na mtu akifunua kamusi zetu za kale atalikuta humo, limetulia, halina kazi. Makala hii yahusu mtambo uitwao sona, upimao kina kwa mwangwi, ambao wenye mashua za uvuvi sasa huununua, tena si mmoja bali miwili na mitatu, pamoja na vipokezi vya GPS kadhaa. Na rai yangu, ambayo nitaitetea kadiri ya uwezo wangu, ni kwamba jina la mtambo huo tulikuwa nalo kabla haujaundwa.

Sona yenyewe ni neno la juzi. Iliundwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa kuunganisha vipande vya mwanzo vya maneno yenye maana ya kuongoza chombo na kupima masafa kwa sauti, ikafuata kigezo cha ndugu yake rada, ambayo sisi tumekwisha kuikaribisha na kuizoea. Ilhali Waingereza, waliokuwa na mtambo wa namna hiyo hiyo wa kusakia nyambizi, waliuita asdiki kwa miaka mingi kabla ya kulikubali jina la Wamarekani. Lakini mtambo ni mkongwe kuliko jina lake. Baada ya meli ya Titanic kugonga mlima wa barafu na kuzama mwaka 1912, Mjerumani Alexander Behm alishughulika kutafuta njia ya kuugundua mlima wa barafu kwa mwangwi, akaishia kupata njia ya kupimia kina cha bahari. Reginald Fessenden, mzaliwa wa Kanada, mwaka 1914 aliupokea mwangwi wa mlima wa barafu wa kweli. Na Mfaransa Paul Langevin, katika Vita Kuu ya Kwanza, alitumia jiwe la kwatsi, ambalo hutetemeka lipitiwapo na umeme na huzaa umeme litetemeshwapo, na kwa tabia hiyo moja ya jiwe akapata kitu kiwezacho kutoa sauti majini na kuipokea. Wavuvi walingoja mpaka vita vya pili vimekwisha, ndipo ndugu wawili wa ukoo wa Furuno, huko Nagasaki katika nchi ya Japani, walipouza mwaka 1948 mtambo wa kwanza uliokusudiwa hasa kuonyesha makundi ya samaki.

Hapo ndipo lilipozaliwa jina la kibiashara ambalo kwa Kiswahili wengine hulifasiri kuwa kitafutasamaki, nami nasema waziwazi kwamba jina hilo lampotosha mnunuzi. Mtambo haumtafuti samaki wala haumwoni. Ufanyalo ni jambo moja tu: transdyusa, yaani kile kidude kilicho chini ya maji, hutoa mlio mfupi usiosikika na sikio la mwanadamu, hunyamaza, husikiliza mwangwi, na huhesabu muda uliopita baina ya mlio na mwangwi, na kwa kuwa sauti katika maji ya bahari hukimbia yapata mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mbio zake hewani, mwangwi uliorudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde maana yake ni safari ya mita 150 kwenda na kurudi, na kwa hivyo kina ni mita 75. Mengine yote, rangi nyekundu na manjano kiooni, vijisamaki vilivyochorwa na kuandikiwa tarakimu pembeni, ni tafsiri ya muda huo na ya nguvu ya mwangwi. Hata kile kioo si dirisha la kuchungulia yaliyo chini wakati huu, kama wengi wadhanivyo, bali ni daftari: mstari wa ukingoni kuume ni mwangwi wa sasa, na kila kilicho kushoto kwake kimekwisha kupitwa.

Na huo mwangwi wa samaki, sehemu yake kubwa haitoki kwenye nyama wala miiba, kwa sababu mwili wa samaki, kwa mizani ya sauti, hautofautiani sana na maji yanayouzunguka. Hutoka kwenye kibofu cha hewa ambacho samaki wengi huwa nacho tumboni kwa kujisawazisha majini. Changu anacho, chewa anacho, nao huonekana vizuri. Nguru, aliyetukuka katika sufuria zetu, hana, wala papa hana, na nahodha aliyelipa fedha nyingi akaambiwa kwamba amenunua kitafutasamaki anaweza kupita juu ya nguru wa kutosha mnada mzima na kioo kisionyeshe ila vivuli hafifu. Lau angaliambiwa kwamba amenunua kipimo cha mwangwi, angalijiuliza mwangwi huo unatoka wapi, na swali hilo lingalimfaa kuliko kitabu cha maelezo kilichokuja ndani ya sanduku.

Yako majina mengine. Kipimamwangwi ni jina la haki, na mwanafunzi wa fizikia atalielewa mara moja. Taksiri yake ni kwamba linataja njia na kuacha kusudi, kwani baharia hapimi mwangwi kwa ajili ya mwangwi. Sona nalo halina ubaya, ni fupi, linafuata mkondo wa rada, na hapana sababu ya kulifukuza. Walakini ni jina la jamii nzima ya mitambo, ikiwemo ile aina itoayo sauti upande au izungushayo mlio wake pande zote za chombo kama taa ya mnara, ambayo meli kubwa za nyavu huitumia. Kwa ule mtambo wa kawaida, ulio katika mashua nyingi, upelekao sauti wima kwenda chini na kuingoja irudi, sioni jina lililo bora kuliko bildi ya sauti. Ndiyo kazi ile ile: kitu hushushwa, hugusa, na urefu wa safari yake hutoa habari. Tena ulinganifu huenda mbali kuliko kina peke yake, kwa maana bildi ya risasi ilikuwa na tundu chini yake lililotiwa shahamu, ili irudi na chembe za mchanga, au tope, au isirudi na kitu, nahodha akajua yuko juu ya fungu au juu ya mwamba. Na bildi ya sauti nayo, kwa anayejua kuisoma, hueleza hayo hayo, kwani mwamba hurudisha mwangwi mkali ambao mara nyingi hupiga tena usoni pa maji na kushuka mara ya pili, ukachora chini ya pili iliyo na kina maradufu, ilhali tope huumeza mlio na kuchora mstari usio na nguvu.

Nitaambiwa kwamba neno limekufa, na kwamba kulifufua ni kujisumbua bure. Jawabu langu ni rubani. Zamani rubani alikuwa mtu wa bahari, ajuaye milango na vipwa, apandaye jahazini kuliingiza bandarini. Eropleni zilipokuja neno likapanda nazo angani, na leo mtoto wa shule akisikia rubani hafikirii bahari hata kidogo. Lugha iliyoweza kumrusha rubani inashindwaje kuishusha bildi mahali pake pa asili?

Tuje sasa kwenye mashua yenye mitambo mingi, maana hapo ndipo jina zuri linapolipa. Katika mkondo wa Pemba, kwa wavuvi watokao Shimoni, ukingo wa mwamba hushuka ghafla kutoka maji ya makumi ya mita hata kilindi cha mamia ya mita, na mtu awindaye changu asubuhi na jodari mchana ana haki ya kutaka bildi mbili. Mlio wa kilohezi 200 hushuka kama koni nyembamba na huchora kwa ufafanuzi, lakini huchoka upesi. Mlio wa kilohezi 50 hufika mbali zaidi chini, ila koni yake ni pana. Koni ya nyuzi 12, kwenye kina cha mita 100, hufunika duara lenye upana wa mita 21 hivi, na ya nyuzi 45 hufunika mita 80 na zaidi, kiasi kwamba samaki anayeonekana yuko chini ya chombo huenda yuko mbali ubavuni, na mshipi ukashushwa mahali patupu. Mbili, basi, kwa milio miwili tofauti, ni jambo la busara. Lakini mwenye mashua akinunua mbili za mlio mmoja, moja ya usukanini na moja ya omoni kwa ajili ya mshika mshipi, akaziwasha pamoja, vioo vyote viwili vitajaa michirizi na vitone vya mshazari, kwa kuwa kila moja inasikia mlio wa mwenziwe na kuudhania mwangwi wake. Dawa ni kuitenga milio, au kuunganisha vioo viwili kwenye transdyusa moja pale mitambo inaporuhusu hivyo, au kuzima moja.

Yasiyohitaji maneno mengi ni haya: transdyusa ikae mbali na rafadha, maana mapovu ya rafadha ni hewa, na hewa huizuia sauti, na katika chombo cha mbao isifungwe kwa ndani, kwani mbao nazo zina hewa katika nyuzi zake na mlio hautapenya kama upenyavyo fibaglasi isiyo na uwazi katikati, bali itobolewe njia au ifungwe tezini kwa nje.

GPS ni habari nyingine kabisa. Bildi ya sauti hupaza na kusikiliza; kipokezi cha GPS husikiliza tu. Setilaiti zilizo juu yapata kilomita 20,200, ambazo ya kwanza yao Wamarekani waliirusha mwaka 1978, zikatangazwa kuwa kamili mwaka 1995, hutangaza saa na mahali pao, na kipokezi kikizisikia nne au zaidi hukokotoa mahali pake chenyewe bila ya kutoa neno. Ndiyo sababu vipokezi kumi vikikaa katika mashua moja havitaharibiana kama bildi mbili ziharibianavyo. Na ndiyo sababu pia nachukia kusikia kwamba mashua ya fulani ina GPS tatu. Haina tatu. GPS ni mfumo ulio angani, nao ni mmoja; mashua ina vipokezi vitatu, na siku mawasiliano ya mfumo yakivurugwa vyote vitatu vitapotea kwa pamoja, tena kwa kuafikiana, jambo ambalo ni la hatari kuliko kuhitilafiana. Kabla ya Mei 2000 Wamarekani wenyewe walikuwa wakiyatia makosa kwa makusudi mawimbi yaliyotumiwa na raia. Atakaye akiba ya kweli na anunue kipokezi kisikiacho pia mifumo ya wengine, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya au BeiDou ya China, akipe betri yake na waya wake mwenyewe, kwa kuwa vipokezi viwili vyenye fyuzi moja ni kipokezi kimoja.

Kuhusu jina, mitaani na ufukweni watu husema jipiesi, nami sina ugomvi nalo maadamu anayelitamka anajua kwamba mkononi ana kipokezi. Rafiki yangu mmoja apendaye mambo ya kale alipendekeza kiitwe malimu, jina la wale wajuzi wa nyota waliopima kimo cha Kutubu kwa kamali, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, na ambalo Wareno walilisikia Malindi mwaka 1498 wakaliandika Malemo walipompata mwongozi wa kuwavusha hadi Bara Hindi. Pendekezo ni tamu, lakini nalikataa. Malimu alijua, kipokezi hakijui. Hakijui hata omo ya chombo imeelekea wapi pindi chombo kikisimama, kwa kuwa hutambua mwelekeo kwa mwendo tu, na hilo ni la dira, ambayo nayo isiwekwe karibu na spika ya redio wala kundi la nyaya za umeme. Wala kipokezi hakijui kwamba ramani yako ya zamani ilipimwa kwa msingi uitwao Arc 1960, uliotumika Afrika Mashariki, ambao hutofautiana na msingi wa GPS kwa mita mia tatu hivi, masafa yatoshayo kukupandisha juu ya kipwa huku tarakimu zote zikiwa sahihi.

Naliweka basi pendekezo hili mbele ya wenye mamlaka ya istilahi, na hasa Baraza la Kiswahili la Taifa: sona kwa jamii nzima ya mitambo hiyo, bildi ya sauti kwa ule upimao wima, kipokezi cha GPS kwa kile kilichomo chomboni, na kitafutasamaki kiachiwe wauzaji. Na kwa manahodha wa Vanga, Kizimkazi, Mafia na Lamu wasomao haya, ikiwa mnalo jina jingine mlitumialo baharini, liandikeni na mlipeleke huko kabla orodha ya istilahi haijafungwa.