Kutoka Explorer Hadi Kitochi: Historia ya Vivinjari Kasulu na Kibondo

Firefox ya kwanza ilitoka tarehe 9 Novemba 2004. Faili la kuiweka kwenye Windows halikufika MB 5. Kwenye laini ya kilobiti 56 kwa sekunde, kiasi hicho huchukua zaidi ya dakika kumi kushuka, tena kama laini haikatiki na hakuna mwingine anayeitumia. Mtu wa Kasulu au Kibondo aliyetaka kubadili kivinjari miaka hiyo alianza na hesabu hiyo, kisha akaongeza hesabu ya dizeli ya jenereta, maana gridi ya taifa ilikuwa haijafika nyanda za juu za Kigoma. Marekani historia ya vivinjari husimuliwa kama vita vya makampuni. Huku Buha, zilipo Kasulu na Kibondo, ni historia ya gharama, na ya nani anayekaa katikati ya msomaji na ukurasa anaousoma.

Wilaya hizi mbili ziliijua intaneti kwa njia ambayo wilaya nyingi za Tanzania hazikuipitia. Baada ya mauaji ya Burundi ya 1993, wakimbizi walivuka mpaka kwa maelfu wakapokewa Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, Kanembwa, Mtendeli na Nduta upande wa Kibondo. Mwaka 1996 ikafunguliwa Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo. Mashirika yaliyowahudumia yalikuja na kompyuta na madishi ya setelaiti katika miji ambayo barabara yake ya kwenda Kigoma ilikuwa bado ya vumbi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, taasisi ya Kimarekani ya Global Catalyst Foundation ilisaidia kupeleka kompyuta na intaneti Kasulu kwa wakimbizi na wenyeji pia.

Ndani ya kompyuta za wakati ule kivinjari hakikuchaguliwa na mtu. Internet Explorer ilikuja na Windows, basi. Serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft mwaka 1998 kwa mtindo huo wa kufungasha viwili kwa pamoja, lakini kesi haikumwokoa mpinzani wake Netscape. Kufikia 2003 zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji wa wavuti duniani walikuwa na Explorer.

Firefox ilikuwa na mambo mawili yaliyomfaa sana mtu mwenye laini nyembamba. Ilizuia madirisha ya matangazo yaliyojifungua yenyewe na kula kasi, na ilimruhusu mtumiaji kufungua kurasa kadhaa katika dirisha moja, hivyo akasoma mmoja huku mwingine ukiendelea kushuka. Aidha, haikukubali vijiprogramu vya ActiveX, mlango uliotumiwa na virusi vingi kuingia kwenye Explorer. Hasara nazo zilikuwepo. Firefox ilikula kumbukumbu ya kompyuta, na mashine kuukuu zilizoletwa kama msaada hazikuwa na kumbukumbu ya ziada. Tovuti nyingi za benki na taasisi zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya Explorer peke yake, zikagoma kwingine. Kwa hiyo aliyehama hakuifuta Explorer, aliiweka pembeni kwa siku ya shida. Busara hiyo ya kuwa na vivinjari viwili inafaa hadi leo.

Badiliko kubwa zaidi halikutokea kwenye kompyuta. Januari 2006 kampuni ya Opera ya Norway ilisambaza Opera Mini duniani kote, kivinjari kidogo kilichofanya kazi hata kwenye simu za vitufe zenye Java. Simu haikuuendea ukurasa yenyewe. Iliiomba seva ya Opera iuchukue, iubane kwa kupunguza hadi asilimia 90 ya uzito wake, kisha iutume. Kwa mtu anayelipia kila MB, tofauti hiyo ilikuwa sawa na kupewa vocha. Pia menyu zake zilipatikana kwa Kiswahili. Uzito wa bei ya bando ulionekana wazi Aprili 2021, pale vifurushi vipya vilipopanda bei nchi nzima na malalamiko yakawa makubwa kiasi kwamba serikali iliagiza visitishwe.

Bei ya unafuu ule ilikuwa imani. Hata ukurasa wenye alama ya kufuli ulifunguliwa kwanza kwenye seva ya Opera kabla ya kufungwa upya na kutumwa kwenye simu. Opera haikulificha jambo hilo: iliwaeleza watumiaji kwamba asiyeiamini asiandike siri zake humo, atumie kivinjari kamili. Mwaka 2016 biashara hiyo ya vivinjari iliuzwa kwa kundi la wawekezaji wa China, nazo seva za katikati zikabadili mmiliki. Wengine walikuwa wabaya zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha kuwa UC Browser, mpinzani wa Opera kwenye simu za bei nafuu, ilikuwa ikivujisha taarifa za watumiaji wake.

Hata hivyo, aliyehamia Opera Mini Kibondo mwaka 2010 alifanya uamuzi sahihi. Fedha zake hazikupita humo. M-Pesa, iliyoingia Tanzania mwaka 2008, ilitumia menyu ya *150*00#, mbali kabisa na kivinjari. Alichokisoma kupitia seva ya Opera ni habari, matokeo ya mtihani na salamu za jamaa waliotawanyika.

Mizani ilianza kugeuka pale serikali ilipohamishia shughuli zake mtandaoni. Mfumo wa pamoja wa udahili wa vyuo vikuu chini ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ulianza mwaka 2010, na maombi ya mikopo ya Bodi ya Mikopo yakafuata njia hiyohiyo. Fomu hizo zinataka kupakia vyeti na picha, na ukurasa uliobanwa sana hukatisha kazi kama hiyo njiani. Njia nyingine za unafuu nazo zilijaribiwa: mwaka 2014 kampuni ya simu ya Tigo, ambayo sasa ni Yas, ilileta programu ya Internet.org ya Facebook iliyofungua tovuti chache bila bando, bure lakini ndani ya uzio uliochorwa na mwingine. Mwaka 2019 zikaja simu za kitochi zenye KaiOS, mfumo uliozaliwa kutokana na kazi ya Mozilla, waundaji wa Firefox. Kivinjari ambacho zamani kilihitaji dakika nyingi za laini kikarudi mfukoni kwa sura nyingine.

Oktoba 2022 gridi ya taifa iliwashwa Kasulu na Kibondo, jenereta za dizeli zikapumzishwa. Machi mwaka uleule Google iliondoa kwenye Chrome ile hali ya kubana data, kwa maelezo kwamba bei ya data imeshuka katika nchi nyingi. Anayenunua bando la siku moja anaona hesabu hiyo kwa jicho tofauti. Hata hivyo Chrome imetawala kwa kuwa imo tayari ndani ya simu za Android, kama Explorer ilivyotawala kwa kuwa ndani ya Windows, huku Opera Mini ikibaki na wasomaji wake wa kweli.

Kwa hiyo kubadili kuna faida, ila kila kazi ina kivinjari chake. Kusoma habari na matokeo, chepesi kinatosha na kinaokoa fedha. Fomu za mkopo, udahili na ajira zinataka kivinjari kamili, Chrome au Firefox, kilichosasishwa. Anayehama ahamishe kwanza maneno yake ya siri na kurasa alizohifadhi, asije akafungiwa nje ya barua pepe yake wiki ya mwisho ya maombi.

Na kuna neno kwa wenye steshenari za Kasulu na Kibondo, maana vijana wengi wa kidato cha sita hujazia fomu zao kwenye kompyuta za kaunta hizo. Sasa ninyi ndio mnaokaa katikati. Zimeni kabisa uhifadhi wa maneno ya siri kwenye vivinjari vyenu, mfungulieni kila mteja dirisha la mgeni, na mhakikishe ametoka kwenye akaunti yake kabla hamjamwita anayefuata.