Hazina ilipohama mashine

Vijana ninaowafundisha kuandika programu hapa Tandika, Temeke, wengi wanaamini kazi yetu ilianza na simu za Android. Mimi huwarudisha hadi mwaka 1965, Wizara ya Fedha (Hazina) iliponunua kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500. Kampuni iliyoiuza ilikuwa ya Uingereza, lakini chini ya jina hilo ilikuwa mashine ya Kimarekani, RCA 301. Nawaanzishia hapo kwa sababu yaliyoikuta Hazina ndiyo yanayowakuta wao kila wanapopakua toleo la majaribio la mfumo endeshi usiku, bando likiwa nafuu, na asubuhi dibaga, yaani programu ya kuchungulia ndani ya programu nyingine ili kutafuta makosa, ikagoma kufungua hata programu waliyoiandika wenyewe.

Baadaye hesabu za serikali zilihamishwa kutoka ICT 1500 kwenda mashine za ICL 1900. Zilikuwa mashine mpya zaidi na zenye uwezo zaidi, ila hazikuwa na undugu wowote na ile ya kwanza. Kumbukumbu ya 1500 ilihesabiwa herufi moja moja. Ya 1900 iligawanywa katika mafungu ya biti 24, kila fungu likibeba herufi nne. Kwa hiyo programu za zamani hazikuweza kubebwa tu na kupelekwa upande wa pili.

Tena haikuwa programu peke yake. Enzi hizo aliyetafuta kosa alichapisha kwenye karatasi yote yaliyomo ndani ya kumbukumbu ya mashine, akakaa na kalamu, akasoma. Kwenye 1900 zilitoka safu ndefu za tarakimu kutoka 0 hadi 7. Mtu aliyekwisha kuzoea 1500, anayejua mshahara wa karani umelala wapi katika karatasi ile, alipokabidhiwa karatasi ya 1900 alikuwa mgeni kabisa. Mashine ilipobadilishwa, macho ya kuichungulia yalibaki na ile ya zamani. Hili ndilo ninalotaka wanafunzi wangu walielewe kuliko jingine lolote.

Uhamisho ule haukufaulu. Hesabu zilivurugika, fedha nyingi zikapotea, na wizara ikarudi kwenye mashine za kuhesabia za aina ya zamani. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia zikapigwa marufuku. Wakati huo kompyuta zote za Tanzania zilikuwa saba.

Siwalaumu waliotoa amri ile kana kwamba hawakuwa na akili. Ulikuwa mwaka wa ukame, bei ya mafuta ilikwisha panda, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Lakini kwa maoni yangu adhabu ilimwangukia asiyestahili. Kilichoshindwa ni uhamisho. Kilichofungiwa ni kompyuta. Na gharama yake tuliilipa kwa muda mrefu: kompyuta ndogo ya Altair ilitoka mwaka 1975, IBM ikatoa kompyuta yake ya mezani mwaka 1981, na miaka hiyo yote kijana wa Kinondoni au Temeke hakuwa na njia ya kuigusa mashine ya namna hiyo. Mlango ulianza kulegezwa katika miaka ya 1980. Televisheni Bara tuliipata mwaka 1994.

Miaka ya 2000 sisi watumiaji wa mfumo endeshi wa Linux tulikuwa tukipeana CD zake mkono kwa mkono. CD zilichelewa kutufikia, na kuchelewa huko kulitukinga: toleo lilipofika Dar, wengine walikwisha umizwa nalo na dawa ilikwisha patikana. Mkonga wa intaneti wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009, kinga hiyo ikaanza kuondoka. Leo toleo la majaribio linafika Mbagala siku ileile linapofika London.

Oktoba 2010 Ubuntu 10.10, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilikuja na sheria mpya: programu isiruhusiwe kuchungulia ndani ya programu nyingine isipokuwa ile ambayo yenyewe imeianzisha. Sababu yake ilikuwa nzuri, kuwazuia wezi wa maneno ya siri. Lakini dibaga iliyozoea kujishika kwenye programu inayoendelea kufanya kazi ilikataliwa, na dawa ilikuwa kubadili tarakimu moja tu, 1 kuwa 0, katika faili la ptrace_scope. Mwaka 2016 watumiaji wa Mac waliohamia toleo la Sierra nao waliona dibaga ya gdb ikikwama mpaka ilipotolewa iliyorekebishwa.

Dibaga huanguka kabla ya programu nyingine kwa sababu programu ya kawaida hupita mlango wa mbele, na mlango huo watengenezaji huutunza. Dibaga hupita uani. Inahitaji kujua kiini cha mfumo kimepangaje mambo yake ya ndani, na inahitaji faili za alama (orodha ya majina ya vitu vya ndani na mahali vilipo) zinazolingana na toleo lenyewe hasa. Katika toleo la majaribio uani hubadilishwa mara kwa mara.

Mwanafunzi wangu mmoja wa Mbagala aliandika programu ya kutunza hesabu za kikundi cha vikoba. Alipoingia kwenye toleo la majaribio programu iliendelea kufunguka, lakini salio la wanachama wawili lilikuwa na kasoro na dibaga haikushika kitu. Ikabidi aandike amri za kuchapisha kila thamani, mstari kwa mstari, na kuzisoma kwa kalamu mkononi. Nikamwambia hivyo ndivyo walivyofanya watu wa Hazina. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na toleo la zamani kwenye sehemu nyingine ya diski, na mweka hazina wa kikundi alikuwa bado anajaza daftari lake. Alilinganisha vyote vitatu, akaona tarehe za marejesho zinasomwa kimakosa, akarekebisha.

Tangu hapo darasani kwangu hakuna anayefuta toleo la zamani kabla dibaga haijafanya kazi kwenye jipya, na programu yoyote inayogusa fedha za watu hubaki na daftari pembeni.