Usaidiano wa Kisheria, Si Msaada

Waraka mmoja wa mafunzo kuhusu uhalifu wa kuvuka mipaka ulionifikia hapa Masimba unakiita Kifungu cha 18 cha Mkataba wa Palermo wa mwaka 2000 "msaada wa kisheria wa pamoja." Kamati iliyopitisha istilahi hiyo imeikosea lugha, nami sitanyamaza ikienea.

Kwanza, "msaada wa kisheria" una mwenyewe. Kenya tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, Tanzania wana yao ya 2017, na zote zinamhusu mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili. Mwambie mama muuza ndizi sokoni Masimba kwamba Uingereza imeiomba Kenya msaada wa kisheria, ataelewa kuwa Uingereza imekosa pesa za wakili, na kosa halitakuwa lake. Pili, "wa pamoja" husemwa pale wawili wanapotenda jambo moja kwa wakati mmoja. Hapa nchi moja huomba, nyingine hutenda, na kesho zamu hugeuka.

Istilahi ninayoitetea ni usaidiano wa kisheria. Msaada umetoka Kiarabu, musaada, katika mzizi mmoja na said, yaani kigasha, sehemu ya mkono inayobeba nguvu. Neno lilitufikia likiwa nomino iliyokamilika, isiyoonyesha nani anampa nani. Kitenzi chake, kinyume chake, tulikifanya chetu kabisa: saidia, saidiwa, saidiana. Kiambishi -an- ni cha Kibantu tangu asili, na lugha yetu ya Ekegusii inacho vilevile: gokonya huzaa gokonyana. Kitenzi cha kutendana kikigeuzwa nomino huishia na -o: tegemeana, utegemeano, patana, mapatano, shirikiana, ushirikiano. Saidiana kimekosa nini hata kinyimwe usaidiano?

Msomi mmoja amenijibu kwamba neno hilo halijazoeleka. Istilahi ipi ilizaliwa ikiwa imezoeleka? Wengine wanapendekeza "ushirikiano," neno zuri lakini pana mno: linabeba hata kuwahamisha washtakiwa. Baktash na Ibrahim Akasha walipotolewa Kenya na kupelekwa New York Januari 2017 kwa kesi ya heroini, kilichovuka mpaka ni watu. Usaidiano huvusha ushahidi: hati, kumbukumbu za benki, maelezo ya mashahidi, amri za kuzuia mali. Chukua kampuni ya uchapishaji ya Smith & Ouzman, iliyotiwa hatiani London mwaka 2014 kwa kuwahonga maafisa wa uchaguzi na wa mitihani nchini Kenya. Mhongaji alikuwa Uingereza, mhongwa Kenya. Kesi ya namna hiyo haisimami kwa karatasi za upande mmoja. Kutokana na kesi hiyo, takriban pauni 349,000 zilirejeshwa Kenya, zikatumika kununua magari ya wagonjwa.

Kwa matumizi: ombi la usaidiano, nchi iombayo, nchi iombwayo. Nchini Kenya, chini ya sheria ya usaidiano ya 2011, maombi hupitia ofisi ya Mwanasheria Mkuu.

Ubishi huu si wa herufi. Msaada hutolewa kwa hisani, na mwenye hisani ana haki ya kukunyima. Palermo inazitaka nchi wanachama zitendeane kwa upana wote unaowezekana, na nchi inayokataa sharti itoe sababu. Afisa aliyefundishwa kwamba huo ni msaada ataliweka faili kando akijiona hana deni. Analo, na neno usaidiano linamwambia hivyo.